Hema na Viti Mia Moja

Maneno ya mwalimu mstaafu kwa majirani zake, mkutano wa alasiri, Pwani ya Kenya. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Asalaam aleikum. Hamjambo wote. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, mabinti, na nyinyi vijana wa steji mliosimama mlangoni kama mnaosubiri abiria, ingieni ndani, viti vipo.

Nianze na la soda. Nilipokuwa naingia, kijana mmoja amenivuta kando akaniuliza, "Mwalimu, leo kuna ngapi?" Nikamwambia kuna maji ya kunywa na kashata, na vyote vimetoka kwenye mfuko wa chama cha akina mama. Akacheka, akaingia, namwona pale anatafuna. Simlaumu. Mtu ambaye tangu apate kitambulisho akiitwa mkutanoni hupewa mia mbili na kofia, atajuaje kuwa mkutano mwingine ni wake mwenyewe? Ila niseme wazi mapema: leo hakuna mgeni wa heshima, na hakuna bahasha.

Mmeniita kwa sababu ya mtaro. Huu huu unaoanzia nyuma ya soko, ukapita kwa fundi baiskeli, kisha ukaishia popote unapotaka wenyewe. Novemba 2023, ile mvua ya El Niño, maji yaliingia kwangu mpaka droo ya pili ya kabati, nami niko upande wa juu. Wa upande wa chini sina la kuwahadithia. Sasa tuko Julai, kusi inavuma, mchanga umekauka, na mzee mmoja ameniambia, "Mwalimu, mtaro saa hizi? Si tungoje vuli ikaribie?" Mzee wangu, nitakueleza kwa nini ni saa hizi. Lakini kwanza niwaambie nilivyojifunza haya, maana sikuyasoma popote. Yalinifunza kwa aibu.

Kabla sijahamia hapa nilifundisha miaka mingi katika kaunti nyingine. Sitaitaja, wala sitamtaja mtu. Wengi wao wako hai na wengine tumeoleana. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ugatuzi, serikali za kaunti bado changa. Tulikuwa na zahanati nzuri tu, kuta nyeupe, bati jipya, lakini ikifika saa kumi jioni inafungwa kufuli. Jumamosi na Jumapili haifunguliwi kabisa. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, ni tuktuk, barabara ya mchanga na kilomita 14 hadi hospitali.

Basi tukakusanyana, tukaenda kwa mbunge. Tulikuwa watu kama 60, tukiwa na ngoma na kanga za sare. Mheshimiwa alitupokea vizuri, kusema kweli. Alitusikiliza, akatupa pole, akasema atatufikiria. Wiki mbili baadaye likaja lori. Ndani yake mna hema moja kubwa na viti mia moja vya plastiki, vyeupe, kila kimoja kimeandikwa jina lake mgongoni kwa rangi nyekundu. Tukapiga vigelegele. Nami nilipiga, sikatai.

Usiku wa wiki ile ile, binti wa jirani yangu muuza mahamri alijifungulia ndani ya tuktuk, njiani, dereva akimulika kwa tochi ya simu huku uso ameugeuzia michongomani. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi, na leo yuko shule. Siku ya saba tulikwenda kwenye akika yake, kumpa mtoto jina, na tukakalia viti vya mheshimiwa, chini ya hema la mheshimiwa.

Miezi kumi hivi ndiyo niliyopoteza nikimlaumu yule mbunge. Kisha afisa mmoja wa afya, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, akaniuliza swali la kitoto: "Mwalimu, nani anamwajiri muuguzi wa zahanati?" Nikasema serikali. Akasema, "Ipi?"

Ndugu zangu, swali hilo la "ipi" ndilo linalotuangusha wengi. Katiba yetu ya 2010 ina Jedwali la Nne mwishoni, kurasa chache tu, na humo kazi zimegawanywa. Zahanati na vituo vya afya ni kazi ya kaunti. Chekechea, kaunti. Masoko, barabara za mitaani, maji ya bomba, kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu za kitaifa, hizo ni serikali kuu. Sasa mbunge kazi yake ya kikatiba ni kutunga sheria za nchi, kupitisha matumizi ya serikali kuu na kuichunguza. Lakini kwa kuwa amekuwa na fedha za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, za madarasa na basari, tumemfanya kuwa mlango wa kila kitu. Naye akigongewa mlango hawezi kusema "mmekosea nyumba"; kura hizo! Atatoa alicho nacho. Alikuwa na viti, akatoa viti.

Na mtaro wetu? Jedwali hilo hilo limeutaja, tena kwa maneno yanayoeleweka: mifumo ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengeka. Ni kaunti. Kwa hiyo safari yetu inaanzia kwa mwakilishi wadi, huyu tunayemwita MCA. Wadi ziko 1,450 nchi nzima, kila moja ina wake, na wetu nyote mnajua anakonunua miraa yake. (Mnacheka. Sikusema vibaya, nasema yuko karibu.) Yeye ndiye anayekaa katika bunge la kaunti, linalopitisha bajeti ya mtaro. Hata hajengi yeye, wajenzi ni serikali ya gavana, lakini pesa haitoki bila ya mkono wa bunge lile.

Narudi kwenye zahanati. Tulipojua mlango, tukaandika ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Haki hiyo ipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu, na kwa Bunge la Taifa na Seneti ipo katika Kifungu cha 119 cha Katiba. Tulijaza karatasi nne, saini zaidi ya mia. Nikazipeleka mwenyewe kwa karani wa bunge, nimevaa baibui jipya. Baada ya siku chache zikarudi.

Nilikasirika, nikasema wametudharau. Kisha nikasoma barua iliyoambatana nazo, na kosa lilikuwa letu kutoka juu hadi chini. Kwanza, saini tulizikusanya kwenye kurasa za daftari la mwanafunzi, tukazibana kwa stepla nyuma ya barua. Kurasa zenyewe hazikuandikwa zinahusu nini. Mtu akiuona ukurasa ule peke yake angedhani ni orodha ya wanaodaiwa dukani. Pili, majina 40 yalikuwa na mwandiko mmoja. Mwandiko huo, naona haya kusema, ulikuwa wangu. Nilipita nyumba ambazo watu hawakuwepo, nikasema huyu namjua, atakubali tu, nikaandika. Mwalimu mzima. Na tatu, hili ndilo lililoniuma zaidi: barua yetu yote, kurasa mbili za kumsifu gavana na kueleza shida, haikuomba kitu. Mwisho wake tuliandika, "Kwa hayo machache, tunaomba mtusaidie."

"Mtusaidie" si ombi. Mnisamehe, nimefundisha insha miaka 31 na bado niliandika hivyo. Anayesoma "mtusaidie" anaweza kukusaidia kwa maneno, kwa dua, kwa viti mia moja.

Sheria ya maombi kwa Bunge la nchi, yaani Bunge la Taifa na Seneti, ya mwaka 2012, imelisema jambo hili bila kuzunguka, na mabunge ya kaunti yana kanuni zinazofanana nayo kwa mengi. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Lisifutwefutwe. Likizidi ukurasa mmoja, kila ukurasa uoneshe jambo ni lipi. Useme umeshajaribu wapi na umejibiwa nini, na kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo. Mwisho ulitaje lile unalotaka. Halafu majina, anwani, nambari za vitambulisho, saini au alama ya kidole, ziandikwe papo hapo juu ya karatasi ya ombi, si kubandikwa.

Mmesikia Kiswahili? Nalisisitiza kwa sababu kila nikikaa na watu, mtu huniambia, "Tumtafute mtoto wa fulani aliyesoma chuo, atuandikie Kizungu." Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge letu ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kiswahili ndicho cha kwanza kutajwa. Mtoto wa fulani aachwe apumzike.

Tukaanza upya. Safari hii tulikaa ukumbini, si ukumbi, ni chini ya lile hema, na tukaandika sentensi moja. Ilituchukua jioni mbili. Naikumbuka kwa moyo: "Tunaomba Kamati ya Afya ipendekeze wauguzi wawili wa zamu ya usiku na taa ya sola katika zahanati yetu, viingizwe katika makadirio ya mwaka wa fedha ujao." Basi. Kila aliyebishana tulimwambia, sema sentensi yako tuipime na hii. Kuna aliyetaka ambulensi. Kuna aliyetaka barabara. Mzee mmoja alitaka tuongeze na suala la ng'ombe wanaoingia makaburini, na ni suala la kweli, walikuwa wakiingia. Tukamwambia, mzee, hilo ni ombi la pili. Alinuna wiki nzima, lakini saini alitia.

Kisha tukagawana milango. Kila mtu kumi tu, tena kumi anaowajua. Mimi nilidhani mwalimu ndiye atakayepata saini nyingi. Wapi! Aliyetushinda sote ni yule muuza mahamri, kwa sababu kila alfajiri watu humjia yeye. Kitu alichokifanya ni hiki: hakuwa anasema "tia saini hapa." Alikuwa anauliza, "Wewe usiku ule ulifanyaje?" Mtu akishaanza kueleza, kalamu anaichukua mwenyewe.

Wengine walikataa, na walikuwa na haki. Kuna aliyeogopa mwenye nyumba, kuna aliyekuwa kibarua wa kaunti. Siku hizi hofu kubwa zaidi ni nambari ya kitambulisho. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mtandao wa serikali wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvisikia. Nambari zao zilikuwa zimechukuliwa mahali wakaandikishwa bila kuulizwa. Mtu kama huyo akikwambia "kitambulisho changu sitoi," usimwite mwoga. Ombi rasmi linaitaka nambari, hatuna ujanja. Lakini barua ya kawaida haiitaki, ujumbe wa simu hauitaki, wala kwenda ofisini kwa MCA siku ya wananchi hakuitaki. Asiyetaka kutia saini apewe kazi nyingine. Na karatasi zenye nambari za watu zitakaa kwa mhazini, ndani ya bahasha, na yeyote atakayezipiga picha azitie kwenye kikundi cha WhatsApp ili kutuonesha tumefika wapi, mimi mwenyewe nitamtoa kwenye kikundi.

Ombi likapokelewa. Tulibeba nakala mbili, moja wakabaki nayo, ya pili wakaipiga muhuri na tarehe wakaturudishia. Huo muhuri mtausikia tena.

Tukaitwa mbele ya kamati. Waheshimiwa walikuwa wanane, na ninaapa watano walikuwa kwenye simu zao. Mimi nilisimama nikasoma takwimu nilizoziandaa, idadi ya wajawazito, umbali, mishahara. Vidole vikaendelea kupapasa simu. Kisha akasimama muuza mahamri. Alikuwa amejifunga leso, mkononi bado ana alama ya unga. Akasema: usiku ule nililipa tuktuk shilingi 1,500. Zilikuwa pesa za unga. Kesho yake sikukaanga, na kesho kutwa sikukaanga, na watoto wa shule waliozoea kununua kwangu walikwenda na njaa, na mjukuu wangu bado nilikuwa sijamwona vizuri kwa sababu kulikuwa na giza. Akakaa. Mwenyekiti wa kamati aliweka simu chini, akauliza, "Mama, zahanati iko umbali gani na kwako?" Akajibu, "Naiona nikiwa jikoni."

Mimi nilikuwa nimewaambia kilomita 14, na kila shida wanayo kwenye mafaili tayari. Aliyewafanya wasikie ni mwenye jina, mwenye usiku wake, anayetaka kitu kimoja.

Lakini tulichelewa! Ilikuwa Mei. Mwenyekiti akatuambia kwa upole kuwa makadirio yalishafika bungeni, na kwa mwaka ule hapana nafasi. Hapa ndipo namjibu mzee wangu wa vuli. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai ukaisha 30 Juni. Mtu hudhani bajeti hupikwa Juni kwa kuwa ndipo inaposomwa redioni. Juni ni ya kupakua. Kaunti inatakiwa na sheria kupeleka bungeni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wenyewe kuanza. Februari, kufikia tarehe 28, inapelekwa karatasi ya mikakati, inayogawa kiasi kwa kila idara. Aprili 30, makadirio yenyewe. Mtaro usipoonekana katika mpango wa Septemba, ukija Mei unaomba wali sufuria ikiwa inaoshwa. Ndiyo maana tumekutana Julai, miguu ikiwa mikavu. Tuna wiki chache.

Zahanati tuliipeleka tena Agosti iliyofuata. Tuliomba wauguzi wawili, akaja mmoja, tena mwaka mwingine ukiwa umeshapita. Taa ya sola ilikuja kwanza, ikang'aa usiku kucha juu ya mlango uliofungwa, wadudu walifurahi. Muuguzi alipofika tulimpikia pilau. Baada ya miezi minane akahamishwa. Watu wakasema, mwaona, ni wale wale. Sisi tukachukua nakala yenye muhuri, tukaandika barua fupi, tukaenda watu sita. Sita tu, bila ngoma. Ofisini wakauliza, "Nyinyi ni wale wa mama wa mahamri?" Mwezi uliofuata akaletwa mwingine.

Sasa vijana mna swali, naliona machoni. Mtaniambia, mwalimu, mbona 2024 hatukwenda kwa karani, na mswada ukaanguka? Ni swali zuri, na sitalijibu kwa kubeza. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Vijana waliusoma. Hilo kwangu lilikuwa la ajabu kuliko maandamano yenyewe. Waliusoma, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauweka kwa video fupi za TikTok, hata kwa lugha ya ishara. Nambari za wabunge zikasambazwa, simu zao zikafurika. Juni 18 kamati ya fedha ikatangaza kuondoa ile kodi ya mkate na ya magari. Juni 25 wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakakataa, na siku hiyo watu wakauawa kwa risasi mitaani. Kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Sitaki kuwaombeni mfike huko kwa ajili ya mtaro, wala sitaki kusema waliofika huko walikosea.

Ninachosema ni hiki. Mswada ule ulikuwa jambo la ndiyo au la, na siku ya kura ilijulikana. Hapo ujumbe elfu moja unaofanana una kazi, kwa sababu mbunge anahesabu tu wangapi wako upande upi. Mtaro si wa ndiyo au la. Hakuna MCA atakayekwambia hataki mtaro. Atakwambia "ndiyo" hata kabla hujamaliza salamu! Swali letu ni wapi, lini, na kwa fungu lipi la bajeti. Ukimtumia ujumbe elfu moja uliokopiwa, utapata "ndiyo" elfu moja. Na matusi, nawaomba kama mama yenu, yaacheni. Ujumbe hausomwi na mheshimiwa kwanza, unasomwa na msaidizi wake, kijana kama wewe asiye na mshahara wa maana, naye ndiye anayeamua barua ipi iwekwe juu ya meza. Umtukane, halafu utegemee?

Na kuna ya muda mrefu zaidi. Hapo Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa humo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua, akaanza kuuliza maswali, kisha wakaazi wakawa nyuma yake. Waliandika, wakaandamana, wakaifikia mpaka Seneti, wakaenda mahakamani. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabuni miaka. Nimewatajia hao ili asiwepo wa kuniambia Septemba kwamba amechoka.

Basi kazi ya leo. Sentensi ya mtaro mimi nimeileta, ivunjeni mkiweza: "Tunaomba mtaro wa saruji kutoka nyuma ya soko hadi kalvati ya barabara kuu uingizwe katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka utakaowasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba." Nyinyi wa steji mtapima urefu wake, mnao mita kwenye pikipiki na mnajua kila shimo, tusiende kusema "mrefu sana." Chama cha akina mama watachukua nyumba za upande wa chini. Fundi baiskeli, naona umekaa kimya, duka lako lina ukuta wenye alama ya maji. Usiupake rangi mpaka tuupige picha. Wa kwenda ofisini kwa MCA tuwe watano, Jumatano ijayo, na tukitoka tumwambie tutarudi Jumatano gani. Atakayeshindwa kuja atume ujumbe kwa simu yake, kwa maneno yake, mfupi: mimi ni fulani, naishi mahali fulani, Novemba 2023 maji yalikaa chumbani kwangu siku kadhaa, naomba mtaro huu uingie kwenye mpango wa mwaka huu. Akitaka kujua kaunti iliwahi kutenga pesa gani kwa mtaro huu, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua hiyo nitaiandika mimi, adhabu yangu kwa yale majina 40.

Karatasi ziko hapa mezani, kichwa cha jambo kimeandikwa kila ukurasa, nimehakikisha. Wino wa kidole upo kwa anayeutaka. Sitaki mtu aje kutia saini kwanza. Nataka tusikizane kidogo. Mama uliyekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, naomba uanze wewe. Usiku ule maji yalipoingia, watoto uliwaweka wapi?